Safari ya Ng'ambo ya Mwanamke Asiyeolewa Zama za Malkia Victoria: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuijua safari hii kwa undani wa mambo yake ya kila siku: mwandishi wa riwaya ya kihistoria, mtunzi wa tamthilia, mwalimu wa historia, au msomaji aliyekutana na habari za wanawake wa Kiingereza waliozunguka dunia katika karne ya 19, akajiuliza walipata wapi ruhusa, fedha na thubutu ya kutoka bila mume. Njia nyepesi ya kuielewa safari yao ni kuipanga kana kwamba inakukabili wewe mwenyewe.

Kwa hiyo jivike nafasi hii. Ni mwaka 1888, Malkia Victoria amekaa kwenye kiti cha enzi kwa miaka 51, nawe ni mwanamke wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 33. Hujaolewa. Baba yako amefariki mwaka jana na kukuachia pato la pauni 300 kwa mwaka. Si utajiri, lakini mwalimu wa kike anayelea na kufundisha watoto majumbani mwa wenye nacho hupata mara nyingi chini ya pauni 50, kwa hiyo huna haki ya kujiita maskini. Unataka kwenda ng'ambo, na jamaa zako hawataki. Mifano nitaitoa kwa waliokutangulia na kwa wachache waliokufuata.

Hatua ya kwanza: tafuta sababu kabla ya kutafuta sanduku

Mwanaume wa zama hizo akisema anakwenda kuiona dunia, watu humpigia makofi. Mwanamke asiyeolewa akisema vivyo hivyo, huulizwa ana nini. Mzigo wako wa kwanza, basi, ni sababu, na sababu hiyo lazima ifanane na wajibu. Zipo nne zinazokubalika barazani: afya, elimu au sanaa, dini, na huruma kwa wanaoteseka.

Isabella Bird, aliyezaliwa mwaka 1831, alitumia afya. Nyumbani alikuwa mgonjwa wa uti wa mgongo aliyeshinda amelala, na madaktari wakamwandikia safari ya bahari kama wanavyoandika dawa. Mgonjwa huyo huyo, mwaka 1873, alikuwa juu ya farasi katika Milima ya Rocky huko Marekani, akapanda Longs Peak, mlima unaozidi mita 4,300, kisha akarudi Uingereza na ugonjwa ukamrudia. Sioni haja ya kumwita mwongo. Mwili uliofungiwa sebuleni unaweza kuumwa kweli, na daktari aliyemwambia aondoke alikuwa na akili kuliko alivyojua.

Marianne North alitumia brashi. Alichora mimea mahali inapoota, kuanzia Brazil na Jamaica hadi Borneo na Ushelisheli, na hakuna shangazi aliyeweza kupinga kazi ambayo Charles Darwin mwenyewe aliithamini kiasi cha kumshauri asikose kwenda kuchora Australia. Mary Kingsley alitumia samaki: alikwenda Afrika Magharibi mwaka 1893 na tena mwaka uliofuata akikusanya samaki wa mito kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, na wapo samaki wanaobeba jina lake hadi leo. Kate Marsden, muuguzi, alikwenda Siberia mwaka 1891 kwa sababu ya wagonjwa wa ukoma.

Chagua moja na uishike sawasawa. Ukichagua mimea, jifunze kuchora mimea kweli, kwa maana utaulizwa. Ukichagua afya, pata barua ya daktari na usionekane ukicheza dansi wiki moja kabla ya kuondoka.

Lipo jambo ambalo vitabu vya adabu havikulitamka lakini maisha ya wanawake hawa yanalionyesha wazi. Binti asiyeolewa alihesabiwa kuwa mali ya wazazi wazee. Yeye ndiye aliyewasomea magazeti, akawapimia dawa na kukaa nao hadi mwisho. Baba yake Marianne North alifariki mwaka 1869, naye akaanza safari zake kubwa mwaka 1871, akiwa na miaka arobaini. Wazazi wa Mary Kingsley walifariki mwaka mmoja, 1892, wakipishana kwa wiki chache, naye akapanda meli mwaka uliofuata. Ikiwa bado una mama kitandani, funga mwongozo huu kwa sasa.

Hatua ya pili: jua unachomiliki

Hapa ndipo kutoolewa kunapogeuka kuwa faida. Chini ya sheria ya Uingereza, mwanamke asiyeolewa aliyefikisha miaka 21 anamiliki mali yake, anatia saini mkataba wake na anashtaki kwa jina lake. Akiolewa, kwa karne nyingi, haki hizo zilihamia kwa mume. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizomrudishia mke mali yake. Mwanamke wa Kiislamu wa Lamu au Unguja, ambaye sheria ya dini yake ilimwachia mali yake hata baada ya ndoa, angeshangaa kusikia kwamba bibi wa Kiingereza mwenye kofia ya manyoya alikuwa nyuma yake katika jambo hili.

Hata hivyo, kumiliki si kushika. Pato la binti mara nyingi liliwekwa chini ya wadhamini, nao mara nyingi walikuwa kaka, mjomba au wakili wa familia. Nenda kwa wadhamini wako mapema, mweleze kila mmoja peke yake, na uwaombe wapeleke gawio lako benki kila robo mwaka bila kusubiri barua yako. Kisha andika wasia. Watakaokupinga watauona wasia huo kama uthibitisho kwamba safari ni ya hatari, lakini wakili atakuheshimu.

Asiye na pato hana budi kusafiri kwa kazi. Tangu mwaka 1862 kilikuwepo chama kilichoanzishwa na Maria Rye na Jane Lewin kuwakopesha wanawake waliosoma nauli ya kwenda makoloni kufundisha, na deni lililipwa kutokana na mshahara. Wengine walitoka kama wauguzi, wamisionari, wajakazi wa mabibi, au wahudumu wa kike katika meli. Wanawake hawa walikuwa wengi kuliko wapanda milima wenye majina, na ukiandika riwaya ningekushauri umfuate mmoja wao.

Hatua ya tatu: amua nani atakusindikiza

Binti wa miaka 20 hakutoka hata kwenda mtaa wa pili bila msindikizaji, sembuse ng'ambo. Florence Nightingale alipokwenda Misri mwaka 1849, akiwa na miaka 29, alikwenda na mume na mke wa makamo, marafiki wa familia. Kwako wewe mwenye miaka 33 mambo yamelegea kidogo: jamii imeshakata tamaa ya kukuoza, na kukatiwa tamaa huko ni pasipoti ya aina yake.

Una njia tatu. Ya kwanza ni mjakazi, ambaye atakulinda heshima na kukuongezea nauli karibu mara mbili. Tena wajakazi wengi waliugua baharini kuliko mabibi zao, na bibi akageuka muuguzi. Ya pili ni kujiunga na msafara wa pamoja. Thomas Cook, aliyeanza mwaka 1841 kwa kukodi treni ya kuwapeleka watu wa chama cha kupinga ulevi kutoka Leicester hadi Loughborough, aliongoza msafara wake wa kwanza wa Uswisi mwaka 1863. Ndani yake alikuwamo Jemima Morrell, binti asiyeolewa kutoka Yorkshire, pamoja na kaka yake na marafiki zao, waliovuka barafu na njia za milimani kwa magauni mapana ya wakati ule. Shajara yake ilipotea kwa miongo mingi, ikaonekana baada ya Vita Kuu ya Pili ndani ya sanduku katika jengo lililopigwa mabomu London. Wenye majivuno waliwacheka wateja wa Cook kama kondoo nyuma ya mchungaji, lakini kwa mwanamke aliye peke yake mchungaji huyo alimaliza hoja za mjomba kwa siku moja.

Njia ya tatu ni kwenda peke yako, ukijua kwamba "peke yako" katika maandishi ya zama hizo maana yake ni bila Mzungu mwingine. Wapagazi, wapishi, wapiga makasia na wakalimani hawakuhesabiwa. Msomaji wa leo awahesabu.

Hatua ya nne: karatasi

Pasipoti ya Uingereza hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje, London, kwa shilingi 2 tangu mwaka 1858. Haina picha. Ni karatasi moja kubwa inayokunjwa, nayo hupatikana kwa barua ya mtu anayeaminika kama vile mwenye benki, hakimu, kasisi, daktari au wakili. Mke husafiri katika pasipoti ya mume; wewe utapata yako kwa jina lako. Ufaransa haimdai Mwingereza pasipoti tangu 1860, lakini Urusi na milki ya Uturuki zinaidai, tena ikiwa na idhini ya balozi wao. Ichukue hata usipodaiwa, kwa sababu posta ya ng'ambo inaweza kukunyima barua zako mpaka uonyeshe wewe ni nani.

Karatasi iliyofungua milango kuliko pasipoti ni barua ya utambulisho. Kila unayemfahamu anafahamu mtu fulani Cairo, Colombo au Yokohama. Mwombe akuandikie, na barua iachwe wazi ili uisome kabla ya kuifunga. Isabella Bird alipofika Japan mwaka 1878, mgeni hakuruhusiwa kuingia bara bila pasipoti maalumu inayotaja njia atakayopita. Balozi wa Uingereza, Harry Parkes, alimpatia moja iliyomruhusu kuzunguka karibu atakavyo kaskazini mwa Tokyo. Ombi la mtu asiye na utambulisho lingekwama mezani.

Hatua ya tano: fedha za njiani

Usibebe dhahabu nyingi. Benki yako itakuandikia barua ya dhamana kwa mabenki ya miji utakayopita. Kila ukichukua fedha, kiasi hicho huandikwa kwenye barua mpaka kiishe. Kwa safari fupi za Ulaya chukua hundi za mzunguko, zinazokwenda pamoja na barua ya pili yenye saini yako ya mfano. Kosa la wageni ni kuziweka hundi na barua hiyo katika mkoba mmoja, hata mwizi akapata vyote viwili na kujifunza saini yako kwa nafasi. Hundi zikae sandukuni, barua ikae mwilini, katika mfuko wa kitambaa ulioshonwa ndani ya gagulo. Kampuni ya Cook inauza pia kuponi za hoteli, zinazokuepusha na kubishana bei kwa lugha usiyoijua.

Kuhusu kuonyesha mali, mkumbuke Alexandrine Tinne, Mholanzi tajiri asiyeolewa aliyesafiri Sudan na Sahara kwa misafara mikubwa. Aliuawa jangwani mwaka 1869, na habari iliyoenea baadaye ni kwamba watu waliamini matangi yake ya chuma ya maji yalijaa dhahabu.

Hatua ya sita: mavazi na mizigo

Hili ndilo jambo ambalo kila mtu atakuwa na la kukuambia, kwa hiyo tulikalie.

Kanuni ya msingi ni kwamba mwanamke aliye peke yake huvaa kwa ukali kuliko alivyovaa nyumbani, kwa sababu nguo ndiyo barua yake ya utambulisho kwa wasiojua kusoma barua. Shona gauni moja la sufu nzito kwa safari, sketi iishie juu kidogo ya kifundo cha mguu ili isizoe matope. Beba gauni moja la hariri nyeusi kwa chakula cha jioni, maana hariri nyeusi haionyeshi doa na humfaa mtu popote, msibani na kwa gavana. Ongeza koti la mvua, buti mbili zilizokwisha kuvaliwa, glavu, shela ya kuzuia vumbi la treni, na mwavuli imara. Rangi ziwe za kijivu au kahawia. Korseti utaivaa, lakini ilegezwe. Waliopanda milima waliilegeza bila kumwambia mtu.

Mary Kingsley alishikilia kwamba mtu hana haki ya kuzunguka Afrika kwa nguo ambazo angeona aibu kuonekana nazo kwao. Alivuka mito na vinamasi vya Gabon kwa sketi nene nyeusi, na alipotumbukia katika shimo la kutegea wanyama lenye miti iliyochongwa ncha, marinda ya sketi hiyo ndiyo yaliyomwokoa. Isabella Bird alikuwa na fikra nyingine. Huko Hawaii, mgongo wake ulipokataa tandiko la kukaa upande, alijifunza kukaa kwenye farasi kwa kutanua miguu kama wenyeji, akavaa suruali pana ya Kituruki chini ya sketi fupi. Gazeti moja lilipoandika kwamba alivaa kiume, alikasirika kweli kweli, na katika toleo lililofuata la kitabu chake akaeleza vazi hilo pindo kwa pindo. Somo la vitendo ni kuvaa suruali chini na kuacha sketi juu. Karibu na kijiji panda upande. Ukishapita nyumba ya mwisho, panda utakavyo.

Mizigo igawe mara tatu: sanduku kubwa la kuwekwa chini ya meli, sanduku fupi litakaloingia chini ya kitanda cha kabini, na mkoba wa mkononi. Kwa nchi za joto tumia sanduku la bati, kwa sababu mchwa na ukungu hula ngozi. Nellie Bly, mwandishi wa habari wa Marekani, alizunguka dunia kwa siku 72 kati ya Novemba 1889 na Januari 1890 akiwa na mkoba mmoja na gauni moja, lakini yeye alikuwa anashindana na kalenda na wewe hushindani na mtu. Orodha ya Bird kwa bara la Japan inafaa zaidi kuigwa: kitanda cha turubai cha kukunja, kiti cha kukunja, beseni la kuogea la mpira, shuka, blanketi, tandiko lake mwenyewe, zabibu kavu, chokoleti, dondoo ya nyama na brandi kidogo. Mzigo wake wote ulikuwa ratili 110, yaani kilo 50 hivi. Kitanda kile kilimwinua juu ya mikeka yenye viroboto, na peke yake kilistahili nauli.

Hatua ya saba: sanduku la dawa

Kwinini kwanza, na ya kutosha, ingawa kabla ya mwaka 1897, Ronald Ross alipogundua kazi ya mbu, watu waliamini homa hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi na wakafunga madirisha badala ya kufunga chandarua. Beba unga wa kuua wadudu, chumvi ya haluli, bandeji, na klorodini kwa tumbo. Hii ya mwisho ilikuwa na mofini, klorofomu na bangi ndani yake, na iliuzwa madukani kama peremende. Iliondoa maumivu sawasawa, na wengi hawakuweza kuiacha tena.

Hatua ya nane: treni na meli

Behewa la Kiingereza la wakati huo limegawanywa vyumba visivyo na ujia. Treni ikishaondoka hutoki mpaka kituo kijacho, na aliyemo ndani nawe yumo. Mwaka 1875 Kanali Valentine Baker alifungwa mwaka mmoja kwa kumshambulia binti aliyekuwa naye peke yao katika chumba cha treni; binti yule alifungua mlango akasimama nje kwenye ngazi ya behewa, treni ikienda mbio, mpaka aliposaidiwa. Sheria ya mwaka 1868 iliagiza iwepo kamba ya kumwita mlinzi kwa treni zinazokwenda zaidi ya maili 20 bila kusimama, lakini mara nyingi ilipita nje juu ya dirisha, mahali pagumu kufikiwa na anayeshikwa mkono. Panda chumba cha wanawake tu. Kikikosekana, chagua chenye familia, na ukae upande wa mlango unaofunguka kwenye jukwaa.

Meli ni salama kuliko treni na ina masengenyo kuliko kijiji. Chagua kabini ya katikati, mbali na injini na mbali na mkia unaorushwa na mawimbi. Ukipita Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, na Bahari ya Shamu kuelekea mashariki, omba upande wa kushoto wa meli, ambao jua haliupigi sana. Kwa kurudi, omba wa kulia. Beba kiti chako cha sitaha kilichoandikwa jina. Mtafute mapema mhudumu wa kike na umpe bakshishi siku ya kwanza, kwa sababu bakshishi ya siku ya mwisho haikuletei maji ya moto katikati ya safari. Utakabidhiwa kwa nahodha, kama ilivyo desturi, naye atakuweka karibu na meza yake. Kama meli inakwenda India, kila mtu ataamini unakwenda kutafuta mume miongoni mwa maafisa wa huko. Toa daftari lako la mimea, uketi, uchore.

Hatua ya tisa: pa kulala

Andikia hoteli kabla au peleka simu ya waya, na ufike kabla ya giza. Omba chumba cha ghorofa ya kwanza au ya pili. Kagua kama shuka zina unyevu. Beba sabuni yako, kwani hoteli za bara la Ulaya haziiweki, na mishumaa yako, kwani ya kwao hutozwa katika hesabu hata usipoiwasha. Beba pia kabari ya mbao ya kusukumiza chini ya mlango. Kula kwenye meza ya pamoja, karibu na mabibi wengine. Anayejificha chumbani huzua maswali kuliko anayekula hadharani.

Hatua ya kumi: mkalimani, na swali la mume

Misri na Shamu utaajiri mkalimani ambaye Wazungu humwita dragoman, neno lililotokana na tarjumani la Kiarabu, neno lile lile lililotupa sisi tarjuma. Yeye si mfasiri tu. Hukodi mashua, hununua chakula, hulipa wapagazi na kupata chake katika kila hatua. Andikeni mkataba, utiwe saini mbele ya konseli, utaje siku, bei, chakula na nani alipe ushuru. Huko Japan, Bird alimwajiri kijana mmoja, Ito Tsurukichi, ambaye alimpunja mara kwa mara na ambaye bila yeye asingefika popote. Yote mawili aliyaandika.

Popote uendapo utaulizwa, mume wako yuko wapi? Jibu la kwamba hunaye litazua mjadala wa saa nzima na pengine posa. Mary Kingsley aligundua jibu linalofaa: sema unamtafuta, na uonyeshe upande ule ule unaotaka kwenda. Wenyeji watakusaidia kwa huruma kumfuata.

Mfano wa kufanyia kazi: kwenda Unguja

Tuseme sababu yako ni ya dini na unakwenda Zanzibar. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), ya Kanisa la Anglikana, iliyozaliwa kutokana na wito wa Livingstone wa mwaka 1857, ilitaka watumishi wasiooa wala kuolewa. Hapo useja, uliokuwa doa kwenu, ni sharti la kazi. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 akafundisha wasichana waliokombolewa utumwani katika shule ya Mbweni, na hakurudi kuishi Uingereza. Utapita Suez hadi Aden, kisha upande meli ya barua ya kampuni ya British India, iliyoanza njia hiyo mwaka 1872. Njiani soma kitabu cha Kiswahili cha Askofu Edward Steere, kilichotoka mwaka 1870. Meli itatia nanga mbali na ufuko, na utashushwa kwa mashua, kwa hiyo siku hiyo usivae hariri. Fedha inayotembea ni rupia na reale ya Maria Theresa, na wafanyabiashara wa Kihindi ndio benki yako. Ikiwa nyumbani wanakuhofia, waambie kwamba waya wa simu kutoka Aden umefika tangu mwaka 1879.

Njia hiyo ilipitwa pia kwa upande wa pili. Mwaka 1866 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, akiwa hajaolewa na akiwa mja mzito, aliondoka Unguja usiku kwa meli ya kivita ya Kiingereza hadi Aden, ambako alimngoja Mjerumani Heinrich Ruete, wakafunga ndoa mwaka 1867 na kwenda Hamburg. Yeye hakuwa na barua ya daktari wala daftari la mimea, na kwao hakusamehewa.

Hatua ya mwisho: andika, kisha rudi

Andika barua ndefu kwa mtu mmoja nyumbani na umwombe azitunze zote. Bird alimwandikia mdogo wake Henrietta, na barua hizo ndizo zilizogeuka vitabu vilivyolipia safari zilizofuata. Weka tarehe, bei, vipimo vya joto na majina ya mahali, kwa sababu wanajiografia wanaume watavitafuta kabla ya kukuamini. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimkubali Bird na wanawake wengine wachache mwaka 1892, ikafunga mlango mwaka uliofuata baada ya ugomvi wa wanachama, na haikuufungua tena mpaka 1913. Marianne North hakusubiri mlango wa mtu: alijenga jumba kwa fedha zake ndani ya bustani ya Kew, likafunguliwa mwaka 1882, akazipanga ukutani picha zake, ambazo leo ni zaidi ya 800.

Ukifika nyumbani, jiandae kukuta kaka yako ameshakupangia chumba. Mary Kingsley, baada ya kupanda Mlima Cameroon mwaka 1895, alirudi London kumtunzia nyumba kaka yake Charles, kwa vile hakuwa na mke, na alihisi yuko huru kuondoka pale tu Charles mwenyewe alipokuwa safarini. Paka buti mafuta, pulizia sanduku la bati unga wa wadudu, na uulize kwa upole, wakati wa chai, yeye ataondoka lini.